Mfalme wa Nani? Mjadala wa Mashabiki Kuhusu Urithi wa Elvis Presley

Utangulizi

Kila mwaka, usiku wa tarehe 15 Agosti, maelfu ya watu hukusanyika mbele ya lango la nyumba iitwayo Graceland mjini Memphis, katika jimbo la Tennessee, Marekani. Huwasha mishumaa, hupanda polepole njia iendayo kwenye bustani, na kupita mbele ya kaburi la mwimbaji Elvis Presley, aliyefariki dunia tarehe 16 Agosti 1977 akiwa na umri wa miaka 42. Kwa watu hao Elvis ni Mfalme wa muziki wa roki, na cheo hicho hakihitaji maelezo. Lakini wapo wapenzi wengine wa muziki huohuo ambao wakisikia neno "mfalme" hukunja uso. Wao huuliza: alitawazwa na nani? Na taji lenyewe lilivuliwa kichwani mwa nani?

Huenda msomaji akajiuliza jarida la idara ya Kiswahili lina haja gani na ugomvi wa mashabiki wa Marekani. Sababu ni mbili. Kwanza, ugomvi huu umejengwa juu ya vitenzi: kuiba, kuazima, kurithi, kuiga, kufungua mlango. Anayechagua kitenzi huwa amekwisha kuchagua upande. Pili, wanafunzi wetu wanapoandika insha za hoja huchanganya mara kwa mara maswali yaliyo tofauti, na mjadala juu ya Elvis ni mfano mzuri wa mchanganyiko huo. Ndani yake mna maswali matatu: Elvis alifanya nini kama mwimbaji? Biashara ya muziki iliwatendea nini watu wengine? Na Elvis mwenyewe alikuwa mtu wa namna gani? Kila swali lina ushahidi wake, na jibu la moja si jibu la mengine.

Mtoto wa Tupelo, kijana wa Memphis

Elvis Aaron Presley alizaliwa tarehe 8 Januari 1935 huko Tupelo, jimbo la Mississippi, katika familia ya Wazungu maskini. Pacha wake alizaliwa mfu. Mwaka 1948 familia ilihamia Memphis, na mwaka 1953 kijana huyo akamaliza masomo katika shule ya sekondari ya Humes.

Memphis ya wakati huo ilikuwa mji wa ubaguzi wa rangi uliowekwa kwa sheria. Shule zilitengwa, na viti vya mabasi vilitengwa. Hata hivyo, mawimbi ya redio hayakuweza kutengwa. Kituo cha WDIA, ambacho mwishoni mwa miaka ya 1940 kilianza kuelekeza vipindi vyake vyote kwa wasikilizaji Weusi, kilisikika katika nyumba za Weusi na za Weupe pia. Mwanamuziki B.B. King na mwenzake Rufus Thomas walifanya kazi hapo kama watangazaji. Elvis alikulia katika nyimbo za injili za kanisa lake, muziki wa kantri wa Wazungu wa Kusini, na muziki wa bluzi wa jirani zake Weusi. Hakuchanganya sauti hizo kwa mpango wa kitaalamu. Alizikuta zimekwisha kuchanganyika hewani.

Katika mji huo, mtu aliyeitwa Sam Phillips alifungua studio ndogo mwaka 1950. Mwanzoni aliwarekodi hasa wanamuziki Weusi, akiwamo B.B. King na Howlin' Wolf. Mwezi Machi 1951 ilirekodiwa hapo "Rocket 88" ya Jackie Brenston na bendi ya Ike Turner, santuri ambayo wanahistoria wengi huitaja miongoni mwa santuri za mwanzo kabisa za roki. Tuuweke mwaka huo kumbukumbuni: Elvis alikuwa bado mwanafunzi.

Tarehe 5 Julai 1954, katika studio hiyohiyo, Elvis alirekodi "That's All Right", wimbo wa Arthur Crudup, mwimbaji Mweusi wa bluzi aliyekuwa ameurekodi mwaka 1946. Upande wa pili wa santuri uliwekwa "Blue Moon of Kentucky" wa Bill Monroe, Mzungu. Kwa hiyo santuri ya kwanza ya Elvis ilikuwa na uso wa Weusi na uso wa Weupe. Mtangazaji Dewey Phillips alipoipiga redioni, simu zilimiminika. Alimwita kijana studioni na, katika mazungumzo, akamwuliza alisoma shule gani. Elvis akajibu: Humes. Swali hilo halikuwa la bure. Katika mji uliotenga shule kwa rangi, jina la shule lilitosha kuwajulisha wasikilizaji kwamba sauti waliyodhani ni ya Mweusi ilikuwa ya Mweupe.

Mwezi Novemba 1955 kampuni kubwa ya RCA ilinunua mkataba wake kwa dola 35,000. Tarehe 9 Septemba 1956 alipoonekana katika kipindi cha televisheni cha Ed Sullivan, watazamaji walikadiriwa kufika milioni 60. Ufalme ukaanza.

Hoja ya wanaosema "aliiba"

Upande wa kwanza wa mjadala una mifano yenye uzito. Arthur Crudup aliurekodi wimbo wake kwa kampuni ya RCA Victor, kampuni ileile iliyokuja kumnunua Elvis. Haki za nyimbo zake zilikuwa mikononi mwa meneja wake, na mrabaha aliopata ulikuwa mdogo mno hata akaacha kurekodi na kurudi kwenye kazi za shambani na vibarua. Baadaye watu walimsaidia kudai haki yake, na yakafikiwa makubaliano ya kiasi cha dola 60,000, lakini yakavunjika dakika za mwisho. Crudup alifariki mwaka 1974. Elvis hakumficha, mwaka 1956 alimwambia mwandishi wa gazeti kwamba kule Tupelo alikuwa akimsikiliza Crudup na kutamani kufikia hisia zake. Lakini kutajwa gazetini hakujazi chungu.

Mfano wa pili ni "Hound Dog". Wimbo huo uliimbwa kwanza na Willie Mae Thornton, aliyejulikana kama Big Mama, mwanamke Mweusi mwenye sauti nzito. Aliurekodi mwaka 1952, na ulipotoka mwaka 1953 ulikaa juu kabisa ya orodha ya muziki wa Weusi kwa majuma saba. Thornton alisimulia kwamba malipo aliyoyaona ni hundi moja ya dola 500. Elvis aliuimba mwaka 1956 na ukauzwa kwa mamilioni.

Mfano wa tatu ni wa Otis Blackwell, mtunzi Mweusi wa New York aliyetunga "Don't Be Cruel" na "All Shook Up". Katika santuri zote mbili jina la Elvis liliandikwa pia kama mtunzi, ingawa kazi ya kutunga ilikuwa ya Blackwell. Huo ulikuwa utaratibu wa kampuni iliyosimamia nyimbo za Elvis: ukitaka aimbe wimbo wako, toa sehemu ya fungu lako. Blackwell alikubali, kwa kuwa sehemu ya fungu kubwa ilimfaa kuliko fungu zima lisilo na kitu.

Hata hivyo, mifano hii ikichunguzwa, mwizi hatokei pale tunapomtazamia. "Hound Dog" haikutungwa na Thornton. Ilitungwa na vijana wawili wa Kiyahudi, Jerry Leiber na Mike Stoller. Kampuni ya Peacock iliyotoa santuri ya Thornton ilikuwa mali ya Don Robey, mfanyabiashara Mweusi wa Houston. Naye Elvis aliupata wimbo huo kwa umbo la kuchekesha lililoimbwa na kundi la Freddie Bell huko Las Vegas, ambako aliwasikia mwaka 1956. Isitoshe, mwaka 1953 Rufus Thomas alipotoa "Bear Cat", wimbo wa kumjibu Thornton uliofuata lahani ileile, upande wa Robey ulishtaki na kampuni ya Sun ya Sam Phillips ikalazimika kulipa. Yaani sheria ilikuwapo, na iliuma. Ila iliwalinda watunzi na wachapishaji wenye karatasi na mawakili. Mwimbaji aliyeupa wimbo roho yake hakuwa na mahali pa kusimama.

Kwa hiyo dhuluma ilikuwapo, tena ya kweli. Lakini ilikaa katika mikataba, katika orodha za muziki zilizotengwa kwa rangi, na katika vituo vya redio vilivyokataa kupiga sauti ya Mweusi na kuipokea nyimbo hiyohiyo kwa sauti ya Mweupe. Pat Boone aliporudia "Tutti Frutti" ya Little Richard, santuri yake ilipanda juu zaidi ya ile ya mwenyewe katika orodha ya taifa. Elvis hakuubuni mfumo huo. Aliukuta, ukambeba, naye hakushuka.

Hoja ya wanaosema "alifungua mlango"

Upande wa pili nao una mashahidi wake, na baadhi yao ni Weusi walioumizwa na mfumo huo. Little Richard alisema zaidi ya mara moja kwamba Elvis aliufungulia mlango muziki wa Weusi. Elvis mwenyewe hakudai kuwa mwanzilishi. Mwaka 1957 aliliambia jarida la Jet kwamba muziki huo ulikuwapo kabla yake na kwamba hakuna awezaye kuuimba kama watu Weusi. Mwaka 1969, mbele ya waandishi wa habari huko Las Vegas, mmoja alipomwita mfalme, alimwelekezea kidole Fats Domino aliyekuwa humo ukumbini na kusema mfalme wa kweli ni yule.

Lakini sitiari ya mlango nayo inahitaji kuchunguzwa. Chuck Berry alitoa "Maybellene" mwaka 1955, na katika mwaka huohuo wimbo huo uliingia katika nyimbo kumi bora za taifa zima. Fats Domino naye aliingia mwaka huo kwa "Ain't That a Shame". Elvis alikuwa bado hajatoa santuri hata moja na RCA. Mlango basi ulikuwa umekwisha kusukumwa, na waliousukuma walikuwa na mikono yao wenyewe. Alichofanya Elvis ni kuupanua kwa namna ambayo Mweusi wa miaka hiyo asingeruhusiwa, kwa sababu ni yeye aliyekaribishwa sebuleni kupitia televisheni. Tena, mtu akisema "mlango ulifunguliwa", haki inamtaka aseme pia ulikuwa umefungwa na nani.

Uvumi wa mwaka 1957

Swali la tatu linahusu tabia ya mtu. Mwaka 1957 ulienea uvumi miongoni mwa Wamarekani Weusi kwamba Elvis ametamka maneno ya dharau: kwamba faida pekee ya watu Weusi kwake ni kununua santuri zake na kumng'arishia viatu. Wengine walidai aliyasema Boston, wengine katika kipindi cha televisheni ambacho kumbe hakuwahi kushiriki. Jarida la Jet, lililomilikiwa na Weusi na kusomwa na Weusi, lilimtuma mwandishi wake Louie Robinson afuatilie. Robinson alimhoji Elvis, akawahoji watu Weusi waliomfahamu, wala hakupata ushahidi kwamba maneno hayo yalisemwa. Matokeo yalichapishwa mwezi Agosti 1957.

Uvumi haukufa. Mwaka 1989 kundi la Public Enemy lilitoa wimbo "Fight the Power", ambamo Elvis anatajwa kuwa mbaguzi, na kizazi kipya kikaupokea kama habari iliyothibitishwa. Miaka ya baadaye Chuck D wa kundi hilo alieleza kwamba shabaha yake ilikuwa hasa sanamu lililojengwa na Amerika ya Wazungu, lililowafunika mashujaa Weusi wa muziki huo, na kwamba kipaji cha Elvis anakiheshimu. Maelezo hayo hayakuenea kama wimbo ulivyoenea. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, lakini mbio za uvumi hazina ukingo.

Ni haki pia kusema kwamba kuondolewa shutuma moja si kupewa utakatifu. Mwezi Desemba 1956 Elvis alihudhuria tamasha la WDIA na kupigwa picha na B.B. King, jambo lililoonekana la ujasiri kwa nyota Mweupe wa Kusini. Mwaka 1968, miezi michache baada ya Martin Luther King kuuawa katika mji huohuo wa Memphis, alifunga kipindi chake cha televisheni kwa "If I Can Dream", wimbo wenye mwangwi wa hotuba za marehemu. Zaidi ya hayo, hakuwa msemaji wa harakati za haki za kiraia. Aliishi karibu na moto, akaota joto lake, na kwa sehemu kubwa akanyamaza.

Wafuasi nao hawakubaliani

Isidhaniwe kwamba mashabiki wa Elvis ni kundi moja. Mwaka 1992 Posta ya Marekani iliwaomba wananchi wachague picha ya stempu yake: Elvis kijana wa miaka ya 1950 au Elvis wa Las Vegas mwenye vazi la kung'aa. Zaidi ya kura milioni 1 zilipigwa, na kijana akashinda kwa takriban robo tatu ya kura. Stempu ilitoka tarehe 8 Januari 1993.

Kura hiyo ilikuwa hukumu juu ya maisha yake. Wapo wasemao Elvis wa kweli aliishia mwaka 1958 alipoingia jeshini. Wao huhesabu filamu 31 za hadithi alizocheza, nyingi zikiwa hafifu, na kumlaumu meneja wake Tom Parker, aliyefika hatua ya kuchukua nusu ya mapato yake. Wengine hujibu kwamba sauti yake ya ukubwani ilikuwa pana zaidi, na kwamba mwimbaji hapaswi kufungiwa katika umri wa miaka 21. Tazama kinaya kilichopo hapa: mfalme mwenyewe alikuwa pia mali ya mtu mwingine. Mwaka 1973 haki za rekodi zake za nyuma ziliuzwa kwa RCA kwa dola milioni 5.4, naye Parker akachukua nusu.

Kuazima na kudhulumu

Sisi walimu wa Kiswahili tuna uzoefu wa mjadala unaofanana na huu. Katika nchi zetu hizi jirani, ambako wanafunzi wengi hukutana na Kiswahili kama lugha ya pili au ya tatu, hakosekani wa kusema kwamba Kiswahili si lugha kamili bali ni Kiarabu kilichopindishwa. Nasi humjibu kwamba maneno kama kitabu, waraka na sahani yameazimwa, lakini ngeli, viambishi na mnyumbuliko wa vitenzi ni vya Kibantu. Kuazima si kuiba, wala hakuna lugha isiyoazima. Watetezi wa Elvis wanatumia hoja hiihii: muziki nao haukui bila kuazima. Bill Monroe aliyeimbwa upande wa pili wa santuri ya 1954 alijifunza mengi kwa Arnold Shultz, mpiga gitaa Mweusi wa Kentucky.

Hoja ni njema, ila ina mpaka wake. Kiswahili kilipolichukua neno kitabu, Mwarabu hakupungukiwa na kitu. Neno lake analo hadi leo. Wimbo wa Crudup ulipochukuliwa, fedha ziliingia mifukoni mwa watu, na Crudup hakuwamo. Lahani inaweza kuazimwa bila kumpunguzia mtu kitu, lakini mrabaha ukienda kwa mwingine, mwenyewe hulala njaa. Hapa ndipo mashabiki wengi hupishana njiani: mmoja anatetea uhuru wa sanaa, mwingine anadai ujira wa kazi. Wote wawili wanaweza kuwa na haki kwa wakati mmoja.

Wala tusidhani jambo hili ni la Wamarekani peke yao. Wimbo "Malaika", uliorekodiwa na Fadhili William wa Kenya na kuimbwa duniani na Miriam Makeba na wengine wengi, umezua mabishano marefu juu ya mtunzi wake halisi. Adam Salim naye alidai kuutunga. Wengi wetu tunaufundisha wimbo huo darasani bila kumwambia mwanafunzi kwamba nyuma ya lahani ile tamu kuna swali la hakimiliki.

Hitimisho

Ukumbi wa Heshima wa muziki wa roki ulipoanza kuwatunuku wasanii mwaka 1986, Elvis aliingia pamoja na Chuck Berry, Little Richard na Fats Domino. Sister Rosetta Tharpe, mpiga gitaa wa nyimbo za injili aliyewatangulia wote hao, alisubiri hadi 2018. Big Mama Thornton aliingizwa mwaka 2024, miaka 40 baada ya kifo chake. Heshima hizo ni njema, lakini zimewafikia makaburini.

Kwa maoni yangu, maswali yetu matatu yanajibiwa hivi. Kama mwimbaji, Elvis alikuwa na kipaji kikubwa, na aliunganisha sauti ambazo sheria za mji wake zilitaka zitengane. Lakini hakuanzisha muziki wa roki, na mwenyewe alilisema hilo. Kuhusu biashara, ilidhulumu, na Elvis alikuwa mnufaika wake mkubwa kabla ya yeye mwenyewe kunyonywa nayo. Kuhusu utu wake, shutuma mbaya zaidi haina ushahidi, na ukimya wake una ushahidi wa kutosha. Anayetaka jibu la neno moja, awe "mfalme" au "mwizi", atalazimika kuyafuta mawili kati ya majibu hayo.

Kwa walimu, napendekeza mada hii itumike katika somo la insha za hoja. Wagawe wanafunzi makundi matatu, kila kundi lipewe swali moja tu, na kila kundi likatazwe kutumia ushahidi wa swali la jirani. Kisha waulizwe wataje vitenzi walivyotumia na waeleze kwa nini hawakuchagua vingine. Watagundua upesi kwamba kubishana ni rahisi, na kwamba kazi iko katika kujua mnabishania nini. Wahenga walikwisha kutupa kanuni ya kazi hiyo: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Kanuni hiyo inamhusu Elvis. Inamhusu zaidi Arthur Crudup.